Masika Anabaki Bwera

Jumanne, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, soko lote ni tope. Nimefunga meza yangu ya vitenge mapema, siku ya soko kabisa, na wala sijuti. Nina furaha mno.

Masika wangu anabaki shuleni hapa Bwera!

Masika ni mtoto wangu wa kwanza, ana miaka tisa. Hasikii tangu alipougua akiwa mdogo. Tunaongea kwa mikono. Shuleni kwao kengele ni rimu, chuma cha gurudumu la lori, iliyoning'inizwa. Ikigongwa, wenzake wanakimbilia darasani, yeye anabaki uwanjani anacheza. Basi walimu wakamchapa kwa kuchelewa. Kumchapa kiziwi eti hakusikia kengele, jamani! Wiki iliyopita mwalimu mkuu akaniita: nimpeleke shule ya viziwi, mbali huko, akalale bweni.

Nililia. Halafu hasira ikanipanda.

Mwanasheria mmoja alishatueleza baada ya misa kwamba sheria ya Uganda inakataza shule kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu, na inataka afundishwe kwa njia anayoielewa. Inatulinda hata sisi tuliotoka Kongo. Leo nikavaa kitenge changu kizuri, nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikasema kwa Kiswahili chetu cha Butembo: "Direkta, mutoto haiko na makosa. Iko na haki."

"Mama Masika, mwalimu wa lugha ya alama nitamtoa wapi?"

Nikamwambia kutafuta ni kazi yake, si ya mtoto. Nikakaa, nikakunja mikono. Akaona siondoki, akapiga simu wilayani mbele yangu. Mwalimu yupo! Atakuwa anakuja kutoka Kasese, kuanzia Jumatatu.

"Na kengele je?" akauliza.

"Mumpe Masika aigonge."

Alicheka, lakini akamwita Masika, akavua saa yake akampa ajue wakati wa kugonga. Baada ya chakula cha mchana Masika akaigonga rimu, shule nzima ikakimbilia darasani. Akaweka kiganja kwenye chuma kilichokuwa bado kinatetemeka, akanitazama. Mimi hapo machozi tu. Huyo ni wangu!

Sasa hivi ameniuliza kwa mikono nilimwambia nini Direkta mpaka akakubali. Nimeanza kumweleza, nikakwama. Alama ya "haki" siijui.

Jumatatu mwalimu akija, nitaacha meza yangu tena. Nitakaa naye dawati moja, tuisome pamoja.