Hali? Halibut!

Baba Nasra, mume wangu,

Barua za kwetu huanza kwa kujuliana hali, na hapo ndipo ninapokwama. Yako nitaiulizia wapi? Acha basi nikupe za hapa. Mimi mzima, jengo letu la ghorofa hapa mtaa wa Dixon, huku ugenini, bado limesimama, na ile lifti ya kushoto imeharibika tena. Mwanao yuko kaskazini kabisa, kwenye bahari ya barafu, anahesabu samaki wa kilindini. Usicheke, ndiyo kazi yake siku hizi.

Unamkumbuka samaki wetu wa kwanza? Nasra alikuwa darasa la pili. Ulitoka kiwandani Jumamosi unanukia mikate, ukatupitia tukaenda dukani. Wewe mtu wa Kigoma, usiyemheshimu samaki yeyote isipokuwa mgebuka, ukasimama pale unamkodolea macho samaki bapa, mweusi pande zote mbili, jicho moja limemkaa utosini.

"Mama Nasra, huyu kapata ajali."

Muuzaji akatueleza kwamba samaki yule huzaliwa na macho kama wenzake, kisha jicho moja huanza kuhamia upande wa pili, na kwa jamii ile huwa linaishia njiani, juu ya kichwa. Ukamgeukia mtoto. "Umesikia? Limehama, halijafika. Huyu mwenzetu, twende naye nyumbani." Jina lake lilikuwa limeandikwa pale pale: halibut wa Grinilandi.

Enzi hizo Nasra alikuwa anaelewa kila tunachosema, ila kujibu ni Kiingereza tu. Ukirudi kazini, hata mabuti hujavua, unaita pale mlangoni, "Hali?" Naye huko ndani, "Fine!" Nawe hukuchoka mzee: "Faini? Nani tena kakupiga faini, trafiki?" Mtoto anakutazama tu, haelewi baba yake anacheka nini.

Siku ile ya samaki tulikuwa mezani, nimempika kwa nazi ya kopo. Ukauliza tena, "Hali?" Akatazama sahani yake, akatutazama sisi, akasema, "Halibut!" Jamani! Ulicheka mpaka ukapaliwa, nikawa nakupiga mgongoni nikidhani ni mwiba.

Tangu hapo likawa neno la nyumba. Wewe ndiye uliyelichambua: hali, halafu "but", ile lakini yao ya Kiingereza. Ukasema ndilo jibu la kweli pekee katika nchi hii. Hali, but miguu. Hali, but bosi. Hali, but theluji. Na anayesema halibut lazima aulizwe "But nini?", na akiulizwa lazima aseme. Hiyo ilikuwa sheria yako, nasi tuliishika.

Ndiyo maana ile siku ya hospitali ilituumiza kuliko zote. Nasra alishakuwa binti mkubwa, yuko chuo. Akakushika mkono. "Hali, baba?" Ukafumbua macho kidogo. "Halibut." Akakuuliza, "But nini?" Ukatabasamu, ukasinzia, na hukuamka tena ukatuambia.

Tangu tukuzike hakulitamka tena neno lile. Nikimuuliza hali, "Fine, mama." Fine akitoka, fine akirudi, fine akifunga begi kwenda melini. Nami utani wa trafiki siuwezi, ulikuwa wako. Baba Nasra, niliogopa. Mtoto alikuwa ananitoka, na wala haikuwa kwa sababu ya meli. Alikuwa amejifungia ndani ya hiyo fine, sijui niingilie wapi.

Jumapili alipiga, siku hizi hata meli zina intaneti. Nikamuuliza habari za kazi, ili tu asikate simu. Akanieleza, kwa Kiingereza chake, kwamba wanashusha wavu, leo kina hiki, kesho kina kile. Wanahesabu waliopanda, wanawapima urefu na uzito, wanawatoa kijiwe cha sikioni kujua umri wao. Lengo ni Wainuit, wenyeji wanaovua huko, wajue wavue kiasi gani bila kuwamaliza.

"Sasa hao samaki wamejaa wapi zaidi?"

"Mama, unakumbuka hita ilipokufa, baba akatupeleka laundry?"

Nisikumbuke! Ulitushusha kwenye kile chumba cha kufulia na blanketi na chupa ya chai, tukashinda katikati ya mashine za joto za kukaushia nguo, na nusu ya jengo ikatufuata. Yule jirani yetu, mama Mrundi, akaja na kwaya yake nzima.

"Basi na huku ni hivyo hivyo," akasema. "Maji ya juu ni ya barafu. Ukishuka kama kilomita moja kuna maji yametoka Atlantiki, yana joto kidogo. Halibut wengi wako hapo. Ukizidi kushuka, wanapungua tena."

"Kwa hiyo wako laundry."

"Wako laundry, mama." Akacheka, kile kicheko chako cha puani.

Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena. Nikalisema fupi, kama wewe mlangoni.

"Hali?"



"Halibut, mama."

"But nini?"

"But nimemmiss baba."

Akalia, nami nikalia. Tulilia bila haya, yeye melini, mimi jikoni. Tulipomaliza akaniuliza, kwa Kiswahili, nimekula nini.

Ndizo habari zenyewe. Akirudi nitampikia kwa nazi mwenzetu yule aliyehama asifike, na tutakutaja mpaka sufuria iishe.

Na mimi, kabla hujaniuliza: halibut.

But nini?

But wewe.

Mkeo,
Mama Nasra