Mwoka Mikate Hakufungua Mlango

Maman,

Nguo za Papa ziko kwenye kamba tangu asubuhi na mvua imezinyeshea kwa mara ya pili. Nimezisahau. Ungekuwapo ungenisema mpaka majirani wasikie. Lakini sisimami kuzianua kabla sijakueleza jambo lililotokea hapa nyumbani, maana linakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote, na wewe peke yako ndiye ambaye hukuwapo.

Habari kwanza. Papa ni mzima. Jumapili anavaa suti yake ya abacost ya kahawia, anakwenda misa ya kwanza, na akirudi anakaa barazani kutazama ziwa. Hasemi sana. Hilo halitakushangaza, kwa kuwa hata ulipokuwa hai wewe ndiye uliyesema kwa niaba yenu wote wawili. Mugisho amevunja sauti na bado anang'ang'ania kwaya. Padri anamvumilia kwa ajili yako. Nabintu, kitinda mimba wako, ameota meno ya mbele na ameanza shule. Mimi nimerudi masomoni nusu siku, na nusu nyingine ni ile iliyokuwa yako: soko, makala ya kupikia, jiko letu la mbabula lisilotaka kuwaka, majani ya sombe ya kutwanga. Nilikuwa nakuona unatwanga huku unaimba, nikadhani kutwanga ni raha. Sikujua, Maman. Nisamehe kwa vile nilivyokuwa nakaa tu.

Wageni hawajapungua. Watu wa Nyantende wanaoleta maharagi sokoni, watu wa Mwenga na Shabunda wanaouguza ndugu zao hospitalini, wote bado wanaijua nyumba yetu ya Nguba. Wengine hawajasikia kwamba umetutoka. Wanafika na mizigo kichwani, wanaita "Maman!" tangu njiani, na anayetoka ni mimi. Hapo huwa natamani ardhi inimeze.

Jioni tunafanya kama ulivyotuzoesha. Tukimaliza kula hakuna anayeondoka, awe mgeni au mtoto. Kwanza Injili, ile ndogo ya Kiswahili isiyo na jalada. Kisha hadithi, kutoka katika vile vitabu vya Kifaransa ambavyo masista walikupa ulipoolewa. Ulikuwa unasogeza kitabu karibu na taa, macho kwenye Kifaransa, mdomo kwenye Kiswahili, wala hukukwama hata siku moja. Shuleni nilikuwa najivuna kwamba mama yangu anatafsiri haraka kuliko mwalimu.

Na unakumbuka serikali ilipoondoa somo la dini shuleni. Wazazi wengine walilalamika mpaka wakachoka. Wewe ulisema tu, "Basi tutafundishia hapa hapa ku mbabula." Mugisho na mimi tulikuwa tumeshapata katekisimu mahali pengine. Nabintu hana mwalimu mwingine. Kila anachojua juu ya Mungu kimetoka kinywani mwako. Hilo ndilo lililonitia hofu katika haya ninayokueleza.

Siku moja aliniomba ile hadithi ya msichana anayekwenda kwa miguu kumtafuta bibi yake wakati wa baridi. Uliipenda mwenyewe. Msichana amelowa, giza linaingia, anafika kwa mwoka mikate na kubisha hodi. Mke wa mwoka mikate anafungua mlango, anamvua nguo zilizolowa, anamfunika kwa kitenge chake mwenyewe. Wanasali, wanakula mkate wa moto, na msichana analala karibu na tanuru. Kitenge, Maman, huko Ulaya! Ningepaswa kushtuka tangu hapo.

Basi nikachukua kitabu, nikasoma kama ulivyokuwa unasoma, nikitafsiri. Nikafika kwenye ukurasa wenyewe. Mwoka mikate alichungulia dirishani, akamwona msichana amesimama kwenye mvua, akavuta pazia na kuzima taa. Msichana akatembea mpaka kukapambazuka. Basi. Hakuna mke, hakuna mkate, hakuna kitenge.

"Siyo vile," Nabintu akasema.

Nikasoma tena, polepole. Nikafunua ukurasa wa nyuma na wa mbele nikidhani karatasi zimeshikana. Mugisho akaanza kucheka: "Maman alikuwa anajitungia!" Kwake ilikuwa mchezo mzuri. Nabintu hakucheka. Alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akainuka akaenda kulala bila kutuaga.

Tangu hapo akawa anaondoka mara tu tukimaliza kula. Nikimwita kwenye Injili anasema tumbo linamuuma. Nikamwacha, nikijua si tumbo. Mpaka asubuhi moja nilipokuwa namwosha uso ndipo aliponiuliza, akiwa amefumba macho kwa sabuni: "Yaya, dada yangu, kama Maman aligeuza mu kitabu ya Kifaransa, mu Injili aligeuzaka pia?" Kabla sijajibu akaongeza: "Sasa kule kwa Mungu, kuko kweli?"

Maman, wewe mwenyewe ulimwambia, ukiwa kitandani, kwamba unakwenda kwa Mungu na kwamba mtaonana. Mtoto ameishi kwa neno hilo tangu tulipokuzika. Analala nalo. Na mimi nilisimama pale na kitambaa mkononi nikashindwa kumjibu, kwa sababu nilikuwa sijui tena ni wapi ulisoma na ni wapi ulitunga. Nilikukasirikia. Nakuambia wazi, maana hatukuzoea kufichana. Nilisema moyoni: ungetuambia tu, ungesema hii ni hadithi yangu, nani angekukataza?

Nilimweleza Papa kwa sababu sikuwa na mwingine. Nabintu alikuja nyuma yangu akakaa kwenye ngazi. Papa aligeuza kiti chake ili atuone sote wawili. Kisha akasema, "Siku ile tulikuwa na mugeni."

Akatueleza. Alikuwa mtu wa Shabunda, mke wake amelazwa, na alikuwa ameomba mahali pa kulala huku juu barabarani, wakamkatalia nyumba baada ya nyumba. Alifika kwetu maji yanamtiririka. Ulimpa chakula na shati la Papa. Baada ya Injili ukafungua kitabu ambacho hukuwa umekisoma bado, ukasoma vizuri tu mpaka kwenye ule mlango. Papa anasema ulinyamaza, ukamtazama yule mtu alivyokaa na mikono yake juu ya magoti, halafu ukaendelea, na mlango ukafunguka. "Angesomaka vile mbele yake namna gani?" Papa aliuliza, na mimi nikaona aibu kwa hasira yangu. Baada ya siku hiyo sisi watoto tukawa tunakuomba ukurasa huo huo kila mara, na hukuweza kurudi nyuma.

Nilidhani yamekwisha. Nilisahau binti yako ni wa namna gani. Alifikiri pale kwenye ngazi, akasema, "Lakini wageni walikuwaka na ku Injili pia."

Papa alinitazama. 

Jioni hiyo nilimkalisha karibu nami na kufungua Injili mahali pa kuzaliwa kwa Bwana. Unajua ulivyokuwa unatusomea habari hiyo kila jioni ya Desemba, hata baada ya serikali kuifanya Noeli siku ya kazi kama nyingine. Nabintu anaijua yote kwa moyo. Nikamwambia aseme kama ulivyokuwa unasoma, nami nitafuata kwa kidole, tuone. Nilipomaliza kusema hivyo nikajuta. Mimi miaka hiyo nilikuwa nasinzia wakati wa Injili, nakiri, na sikukumbuka ulisomaje. Ila nilikujua. Mwanamke aliyeshindwa kumwacha msichana wa kwenye hadithi alale nje, angemwachaje Mariamu, na mimba ile? Nilikuwa na hakika kwamba kidole changu kitafika mahali kikose neno, na kwamba mtoto ataliona.

Alisema bila kukosea. Safari, uchovu, mji umejaa watu. Kidole changu kilifuata. Akafika pale, akasimama. Akaweka mkono kifuani, akakohoa kidogo, akakohoa tena. Nilidhani amepaliwa na mate. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile: hawakupata nafasi nyumbani mwa wageni, na mtoto akalazwa wanapolia chakula ng'ombe. Ilikuwa hivyo kwenye karatasi, neno kwa neno. Hukuongeza mlango wala kitenge.

Nikamwuliza mbona anakohoa.

"Maman alikuwa anakohoaka hapa."

Ndipo nikakumbuka, Maman. Ni kweli. Kila mwaka, mahali pale pale, mgeni fulani wa mbali amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, nawe unakohoa. Sisi tulilaumu moshi wa mbabula, kumbe neno lile lilikuwa gumu kulisoma mbele ya mgeni.

Nabintu alikitazama kidole changu, akayatazama maneno chini yake. Anasoma Kiswahili kidogo sasa; akayapitia mwenyewe, midomo ikicheza. "Hapa hakugeuza," akasema. Akafikiri tena. "Hii iko ya kweli. Njo maana alikuwa anakohoa."

Akaegemea bega langu, akaniambia nisome mbele, mpaka wachungaji. Nikasoma. Nikasoma vibaya, sauti haikutoka vizuri, na Papa akainuka kutengeneza taa ambayo haikuwa na shida yoyote. Mtoto akalala hapo hapo kabla sijamaliza. Nilipomlaza kitandani nilikwenda jikoni nikalia kwa mara ya kwanza bila kuona uchungu.

Kwa hiyo nakuandikia kukuambia usiwe na wasiwasi juu yake. Anakungoja, na anajua anachongoja. Mimi nilikuwa nimeanza kutikisika bila kumwambia mtu, na yeye amenishika.

Na nakuahidi hivi. Kitabu cha Kifaransa nitakisoma kwa njia yako kila tukiwa na wageni, maana sasa najua ni kwa ajili ya nani uliufungua ule mlango, na nikiulizwa nitasema kweli kwamba ni wa mama yangu. Injili nitaisoma kama ilivyo, hata pale inaponiuma mbele ya watu. Nitakohoa kama wewe, Maman, lakini nitasoma.

Pumzika. Tunakupenda sote, na Papa zaidi ya anavyoweza kusema.

Binti yako,
Furaha