Mguu wa Chuma Niliomficha Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hili nikilisema kazini nimekwisha na nikilisema nyumbani nimekwisha vilevile.

Mimi na mke wangu tunafanya kazi maabara moja, tunarusha chembe ndogo mno zikagonge shabaha, halafu kifaa cha kuzinasa, kigunduzi, kinahesabu zimetawanyika kwa pembe gani, sasa kigunduzi hakioni zote, nyingine zinapita pembeni, nyingine zinagonga chuma zinapotea, kwa hiyo kazi yangu ni kukijenga kigunduzi hichohicho ndani ya kompyuta, nirushe chembe za kuigiza, nione kwa kila pembe ni sehemu gani ingeonekana, na mke wangu anachukua hesabu za kweli anazigawa kwa sehemu niliyompa, ndipo anajua chembe zilikuwa ngapi hasa. Nikikosea mimi, anakosea na yeye.

Basi kigunduzi kimesimama juu ya stendi ya chuma, na mimi kwenye programu sikuiweka, nilikiacha kikielea hewani, kwa sababu ukiongeza chuma kompyuta inakawia na siku hiyo nilitaka kuwahi mpira, na mke wangu aliponiuliza kama kila kitu kimo nikamwambia kimo, wewe endelea. Akaendelea, akakuta pembe moja chembe ni chache kuliko inavyotakiwa, akarudia hesabu zake mpaka macho yakamvimba, upungufu huo, wenyewe tunauita shimo, ukabaki palepale, na sasa wakubwa wanasema huenda ni jambo jipya kabisa, wamemwandalia mkutano na wageni, mama mkwe ameshashona nguo. Juzi niliinama kuokota kalamu nikaona mguu mmoja wa stendi umesimama kwenye pembe ileile, unazikinga chembe zisifike.

Sijamwambia. Ana furaha ambayo sijaiona tangu tuoane, anaimba akipiga pasi, na mimi nimewaza niuingize ule mguu kimyakimya asubuhi ya mkutano, shimo lizibe, adhani kompyuta imejirekebisha, au ninyamaze tu, pengine hakuna atakayeuliza. Mshauri, nifanyeje ndoa yangu isivunjike?

Mimi, Mume Mwenye Hofu

*

Mume Mwenye Hofu,

Nimekusoma mpaka mwisho, kisha nimecheka. Unalipwa mshahara kwa kazi ya kujua chembe zinapotelea wapi, na chuma kizima kimekaa mbele ya macho yako hukukiona mpaka kalamu ilipokudondoka.

Kusahau stendi ni uvivu, na uvivu nakusamehe, ninao hata mimi. Ila tangu juzi unajua. Unakaa mezani unakunywa chai aliyokumiminia huku ukimtazama anapanga maneno ya kwenda kusema uongo wako kwa mdomo wake. Hiyo unaiita hofu? Mimi naiita roho mbaya iliyovaa tai.

Eti kompyuta imejirekebisha. Mwanamke aliyeliona shimo katika mamilioni ya chembe atashindwa kukuona wewe? Ukiziba asubuhi ya mkutano, atasimama mbele ya wageni na michoro miwili inayopingana, na atakayeumbuka si wewe uliyejibanza safu ya nyuma. Ukinyamaza, kuna mmoja tu humo ukumbini atanyoosha mkono aulize stendi mliiweka wapi. Mkeo atakugeukia. Sijui wakati huo utaokota kalamu gani.

Ndoa yako ungeifikiria siku ya mpira. Atakasirika, tena sana, na pengine utalala sebuleni. Lala. Kochi halijaua mtu.

Ukimwona, usianze na maua wala "mpenzi kaa kwanza". Mwambie: stendi sikuiweka, nilikudanganya. Akikuuliza kwa nini, utaje huo mpira, usitafute sababu yenye heshima zaidi. Kisha nendeni maabara, pima ile stendi yote, uiandike kwenye programu akiwa anatazama, na kompyuta ikawie inavyotaka. Shimo likiziba, wewe mwenyewe ndiye utakayekwenda kwa wakubwa kusema kosa ni lako, peke yako, yeye akiwa amekaa. Na likibaki hata kidogo, basi hilo ni la mkeo kwa jasho lake, na kazi yako itakuwa kupiga makofi.

La mwisho. Jibu hili nimekutumia wewe leo asubuhi. Gazeti letu linatoka kesho, na barua yako nimeichapisha yote, sijapunguza neno. Kazi hiyo mnaifanya watu wachache, na wanaofanya wakiwa mume na mke sidhani kama wapo wengine. Mkeo hatahitaji kufika aya ya tatu. Mwambie leo wewe, kwa sababu kesho nitamwambia mimi.