Pazia la Saa Sita

Mama,

Safari ya kesho ya hekaluni nimeipanga mimi. Kasoro utaitafuta kwa tochi. Asubuhi nimempigia kuhani ili nisifiwe kidogo. Akasema, "Kijana, saa sita mpaka jioni tunashusha pazia, miungu inapumzika." Nami nimetanguliza makumbusho, hekaluni tufike saa saba! Bibi ana nadhiri ya kumwona mungu wake tangu apasuliwe macho. Ningempeleka akatazame pazia.

Nakimbilia stendi kubadili tiketi ziwe za alfajiri. Maua ya sadaka yafunike kwa kitambaa kibichi yasinyauke. Bibi asijue. ~~Akiuliza, sema dereva kakosea.~~ Akiuliza, sema ni mimi.

Mwanao, mkuu wa msafara

Mama, Bibi yuko nyuma yangu, ameshasoma yote. Anasema niongeze: "Juzi nilimwambia habari ya pazia, akanijibu nipumzike, niwaachie wasomi."