Maharage Yaliyovuka Malagarasi

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Kuanzia leo mimi ni mwandishi. Si wa barua za mapenzi za vijana wavuvi wa Katonga — hizo nimeandika sana, na ndoa tatu zimesimama kwa kalamu yangu. Mwandishi wa chuo kikuu. Daktari Walter, mtafiti wa mbegu ninayemtafsiria, karudi kutoka Dar na habari: chuo kimekubali kusaidia makala yetu ya maharage. Watagharamia kuchapwa, watagharamia na kongamano, hapa hapa Kigoma, kwenye hoteli inayotazama ziwa. Sharti lao ni waandishi wawili waliofanya kazi pamoja, na wote wawili wasimame waseme. Jina lake, halafu "na", halafu langu.

Elimu yangu darasa la sita na mwaka mmoja wa sekondari, basi. Lakini nimefika Uvira, Kalemie, mpaka Mpulungu. Kuna maprofesa hawajafika.

Nimeshuka Katonga kuwatangazia. Mama mmoja anayeuza samaki, migebuka, akauliza utafiti unaliwa na nini. Nikamwambia unaliwa na kongamano. Nyumbani, mke wangu Brigita kacheka mpaka kakaa chini. "Haya profesa, kuni zimekwisha."

Mwaka mzima nimezunguka kambini kwa wakimbizi wa Burundi na Daktari, namtafsiria Kirundi: akina mama walikimbia na mbegu gani, walizificha wapi. Anasema hajaona Muha anayejua Kirundi kama mimi. Laiti angejua. Mtaa wetu wa Buzebazeba mzima unanijua kwa Feliksi, Muha wa Kasulu. Brigita peke yake ndiye anayejua kuwa mimi ni Niyokwizera, Mrundi, niliyetoka kambini bila kibali nikaja mjini, nikaoa, nikapata mtoto.

Alhamisi, 5 Novemba

Nimekwepa mwaka mzima, leo nimebanwa. Daktari kasikia kambini kuna mama mwenye maharage ya madoa mekundu ambayo mwingine hana. Nilimjua kabla hajatajwa. Goreth. Dada yangu, tumbo moja.

Kwetu kila mtoto hupewa jina lake peke yake. Hakuna jina la ukoo la kutuumbua. Tukasalimiana kama watu wa stendi.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, bwana mkalimani."

Mkono wake umekuwa mgumu kama gome.

Akamwaga maharage kwenye kanga. Daktari akasema muulize aliyavushaje mto. Goreth akajibu huku kanikazia macho: hakuyavusha yeye. Ni mdogo wake wa kiume, aliyafunga kwenye shati, shati akajitwika kichwani, akaogelea Malagarasi huku akilalamika kuwa yanamkwaruza masikio. Domo lile, akasema, hata maji hayakulizima.

Nikatafsiri: anasema mdogo wake alikuwa shujaa.

"Yuko wapi sasa huyo kijana?"

Goreth hakufikiri hata kidogo. "Yarapfuye."

Nikatafsiri. Amekufa.

Daktari akavua kofia, akaniambia nimpe pole. Nikampa dada yangu pole kwa kifo changu. Akaipokea vizuri, kwa kichwa kilichoinama.

Nimemwachia sukari na chumvi nyuma ya mlango. Naye kanitilia mfukoni kiganja cha maharage, sikumwona akitia. Kanilinda, najua. Lakini angefikiri japo kidogo kwanza.

Daktari kasema yale maharage sasa ndiyo makala nzima. Yangezama, Daktari angeandika nini? Mimi nimejisifia kila kitu maishani, hata vitu ambavyo sikufanya. Hiki nilichofanya kweli, siwezi kumwambia mtu.

Jumanne, 10 Novemba

Gari la matangazo limepita Rusimbi, likaja na huku kwetu. Mrundi yeyote anayeishi nje ya kambi ajipeleke kabla hajapelekwa. Anayemficha naye ana kesi.

Brigita kafunga dirisha, kama vile ile sauti ni vumbi.

Jioni fundi wa suti kaniuliza: "Profesa, mabega niyapandishe?" Nikamwambia pandisha.

Jumamosi, 14 Novemba

Daktari kaja nyumbani mwenyewe na hakutaka kukaa. Nikajua.

Chuo kimefikiri upya. Makala wameipenda mno, hilo ndilo tatizo. Wanasema kama ushirikiano ni wa kweli, mwandishi wa pili awe mkimbizi mwenyewe. Si Mtanzania wa kumsemea mkimbizi. La sivyo hawachapi, na kongamano hakuna.

"Ni haki, Feliksi," akasema. "Watu wamechoka kusemewa."

"Ni haki."

"Nimemfikiria yule mama Goreth. Wewe utamtafsiria."

Halafu kanishika bega. Mtu mwema huyu, ndiyo maana inauma. "Ungekuwa mkimbizi wewe, tusingehangaika."

Nikacheka. Nilicheka mpaka Brigita akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini.

Neno lilikuwa hapa kooni. Neno moja tu, jina langu linarudi kwenye makala — halafu gari linakuja kunichukua, Brigita anabaki na mtoto mgongoni na kesi mkononi. Nimelimeza. Limeshuka kama mwiba wa samaki.

Goreth anastahili, sikatai. Mbegu kazitunza yeye, kazipanda kwenye kile kibustani cha kambini, kagawa. Nimefurahi kwa ajili yake. Nimeandika hivyo ili nione kama ni kweli. Nusu ni kweli.

Jumapili, 15 Novemba

Misa sikwenda. Katonga wananiuliza kongamano lini. Nimewaambia nimepandishwa cheo, sasa mimi ni sauti.

Ijumaa, 27 Novemba

Naandika kwenye ngazi za nyuma ya hoteli, zile za kushukia ziwani. Wako kwenye chai. Suti imenikaa vizuri, mabega yako juu, mwenye mabega ndiye aliyeshuka.

Goreth kaletwa na gari la kambi, ana kibali. Bwana wa wilaya anayeshughulikia wakimbizi kakaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu. Goreth kasema vizuri mno. Alipofika kwenye kijana na masikio yake, ukumbi ukacheka. Nilitafsiri kwa madoido, nikafanya na mikono ya kuogelea. Kisha akasema yule kijana amekufa, na mimi nikasema amekufa.

Wakasimama kimya, wote. Na mimi nikasimama. Bwana wa wilaya alikuwa karibu nami, kainamisha kichwa kwa heshima yangu.

Ndipo mama mmoja wa chuo, mwenye dhamana ya huo msaada, akasema makala itachapwa kwa kumbukumbu ya kijana yule. Jina lake litatangulia, ukurasa wa kwanza, juu ya majina ya waandishi.

"Marehemu aliitwa nani?"

Goreth Kiswahili anakisikia. Hakungoja nitafsiri. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anayelia: niwape lipi?

Nikauambia ukumbi, ameelemewa, anaomba kupumzika kidogo. Wakaita chai.

Akiwapa jina langu, nitakuwa juu ya Daktari. Juu ya wote. Na siku vita ikiisha nikirudi mlimani kwetu Burundi, watanionyesha karatasi ya chuo kikuu kwamba nilishakufa. Akiwapa jina la kubuni, mto ule kauvuka mtu ambaye hajazaliwa. Na jibu la tatu liko, fupi kuliko yote: ni huyu hapa. Bwana wa wilaya yuko pale dirishani, anachovya andazi.

Goreth hali. Kakaa peke yake, kikombe kimepoa, ananitazama kupitia mlangoni. Safari hii anafikiri.

Daktari kashuka ngazi mbili. "Feliksi, umemuuliza? Wanangoja jina."

Nimemwambia namalizia sentensi. Nimetia mkono mfukoni kutafuta leso, nimekuta maharage ya madoa mekundu, kanitilia tena sikumwona —