Nafasi ya Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Damu imepungua, kiuno bado kizito. Mama Mkasi, mwenye duka la ushonaji, nilimwambia nilikuwa na homa. Homa! Dada ndiye pekee anayejua nilitoa mimba. Alikaa nami kliniki mpaka mwisho. Sijutii. Nilikuwa na sababu zangu na bado ni zangu.

Mama Mkasi anatukatia sare mpya za duka, yake na yangu. Yule hana habari na futi ya kupimia. Anakutazama mara moja, anachora chaki, anakata, na nguo inakukaa. Leo macho yake yalikawia tumboni kwangu. Kisha akainamia kitambaa, akakata.

Jumatano, 5 Machi

Maziwa! Nilikuwa natia vifungo, blauzi ikalowa. Maziwa ya nani sasa? Nimejifungia stoo nikalia kwa hasira. Dada kampigia nesi: hutokea, avae sidiria ya kubana, asikamue, yatakauka yenyewe. Mwili mjinga huu. Unapakua chakula na mgeni hayupo.

Ijumaa, 7 Machi

Sare yangu tayari. Mabega sawasawa, mikono sawasawa. Ila mbele — marinda mawili, yameshikizwa kwa uzi mwepesi. Ni yale anayowawekea wajawazito, wayafumue tumbo likikua.

Nikamwambia, mama, hapa umekosea. Kasema mkono wake haukosei, unashona kile jicho linachokiona. Nikakumbuka jambo. Mwaka jana alimkatia mwalimu mmoja gauni hivihivi, mwalimu akamcheka sana. Baadaye mwalimu alirudi kufumua, tumbo limetokeza.

Jumatatu, 10 Machi

Jumamosi niliyabana yale marinda kwa mashine, nikarudia mshono juu ya mshono. Leo nimeitoa sare kabatini hapa dukani, yameachia. Uzi umelala humo kabatini, mzima, haujakatwa popote. Mama Mkasi kaapa hajaigusa. Na kweli, ufunguo ninao mimi.

Sijaivaa. Nimeshinda na nguo zangu za nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Kitu kimecheza tumboni! Nilikuwa napiga pasi. Kikacheza, kikatulia. Dada kanicheka, eti ni yale maharage yangu, nisimtishe bure. Nikacheka na mimi. Halafu kikacheza tena.

Je, kama hawakumaliza? Kama bado kipo? Naogopa kujishika tumbo. Tumbo langu mwenyewe, jamani!

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi kliniki, na dada. Nesi kanipaka jeli ya baridi, kapitisha kile kifaa chake, kageuza skrini nione. Weusi mtupu. Kasema ni safi kabisa, hakuna kilichobaki, kizazi ndicho kinachorudi mahali pake. Nimemkumbatia na jeli yangu vilevile! Dada kalia kuliko mimi. Furaha tupu.

Nikaja dukani moja kwa moja. Nikatwaa mkasi, niyakatilie mbali hayo marinda. Mama Mkasi akaweka mkono wake juu ya wangu. Akauliza, taratibu, kama kweli ilikuwa homa.

Nikasema hapana. Nikasema nilitoa mimba. Basi, nimelitamka. Nikasubiri anifukuze.

Hakunifukuza. Kasema mwili wangu haujapata habari bado, hicho ndicho jicho lake lilichokiona. Kuna miili hupata upesi, kasema. Kuna mingine huzeeka haijapata.

Akafungua vifungo vya koti lake. Koti hili halivui hata jua liwake vipi, wateja humtania kwamba kameza barafu. Ndani kavaa sare yake mpya. Mbele, marinda mawili. Uzi umegeuka manjano, mkongwe kabisa.

Nikamwuliza, mama, uzi huu wa lini na sare umeishona juzi? Kasema hajui. Hautii yeye. Kila akimaliza gauni lake jipya, anaukuta umo ndani. Tangu alipokuwa na umri wangu. Naye alikwenda kliniki, peke yake, akarudi peke yake, na siku ileile akakaa kwenye mashine. Hajawahi kumwambia mtu.

Mteja kaingia, zipu imeng'oka, ana haraka ya kufa mtu. Mama Mkasi kafunga koti, kaenda kumsikiliza. Naandika hapa nyuma ya pazia, mkasi mapajani. Kabla hajatoka kaniambia: ukitaka kukata, kata, mwanangu. Ila anza na marinda yangu, mimi mkono unanigomea.

Mteja anaaga. Komeo la mlango. Hatufungi duka saa hizi. Namsikia akivua koti, analiweka kitini. Naogopa, sijui kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Ananiita.

Naam, mama, naja —