Mgongo wa Wimbo Wako, Baba

Mwaka mzima umetupitia, Baba, tangu asubuhi ile nilipoingia kwenye duka letu la udobi nikaona shati jeupe limetundikwa, nalo lina mikunjo mgongoni. Nililiona shati kabla sijakuona wewe. Nikasema moyoni, Baba hatundiki shati lenye mikunjo. Ndipo nikageuka, nikakuona kwenye kigoda chako, umeegemea ukuta, macho umeyafumba kama kawaida yako unapotafuta neno la wimbo. Sikutaka kukukatiza. Nilisimama pale nikisubiri ulipate hilo neno. Hadi leo nikiingia dukani nasimama kidogo mlangoni.

Mtaani walikuita Mvuke. Uliwatengenezea watu nyimbo za harusi, za watoto wachanga, hata wa jirani aliyepoteza mbuzi. Hukuandika hata moja. Ulikuwa unalowesha kidole, unakigusisha kwenye pasi, tss, kisha unaanza kuimba kwa mwendo wa pasi inavyokwenda na kurudi. Kila wimbo wako ulikuwa shati. Ulianza na kola, ikaja mikono, kikaja kifua, ukamalizia mgongo. Madobi wengine wana utaratibu wao, wewe mgongo ulikuwa wa mwisho. Ulisema mtu akiondoka, kinachobaki machoni pa watu ni mgongo wake.

Unamkumbuka yule mwalimu aliyekuja kufuata shati lake?

"Mzee Mvuke, shati langu vipi?"

"Bado mgongo," ukamjibu.

Akakaa kwenye benchi. Akasoma gazeti lote, hadi matangazo. Mwisho akauliza tena, nawe ukashtuka. "Shati? Ah, ndugu yangu, shati lako lile pale tangu zamani. Nilikuwa nasema wimbo."

"Basi malizia na wimbo," akasema, "maana nimeshachelewa vyote viwili."

Ulicheka hadi ukakaa chini. Na ulikuwa umemshonea kifungo kilichokuwa kinalegea, bila yeye kujua, kama ulivyowafanyia wote.

Mbayuwayu walipojenga kwenye dari la duka, Mama alitaka kiota kitolewe wasije wakachafua nguo. Wewe ulihamisha kamba ya nguo. Ulisema ndege haimbi, anaita tu, anauliza kama wenzake wapo, sisi ndio tunasema anaimba. Ukatuambia habari za kijito cha utotoni kwako, na matete yaliyokuwa marefu kuliko mtu, na jinsi ulivyoogopa maji mvua ikinyesha milimani, na jinsi Bibi, mama yako, alivyokuwa anakubeba mgongoni kukuvusha ukitoka shule.

Wimbo wako wa mwisho ulikuwa wa kijito hicho. Na kwa kuwa ulikuwa huandiki, ulitugawia tukutunzie. "Huu nishikie," ulikuwa unasema, kama mtu anayempa mwenzake mtoto ili afunge viatu. Kola ukampa dada. Mikono ukampa kaka. Kifua ukampa Mama, ukasema kifua ni cha Mama tangu zamani, na yeye akakurushia pegi ya nguo.

Mgongo ulinipa mimi. Ilikuwa alasiri ya mvua, tuko wawili tu, madirisha yamejaa mvuke. Ukaniimbia, ukarudia, kisha ukasema, "Huu shika wewe."

"Kwa nini mimi, Baba? Mimi hata salamu inanishinda."

"Ndiyo maana. Wewe huumwagi."

Ukasema wimbo huu ni wa Bibi, na ungemwimbia wewe mwenyewe, wote mzima, kwa sababu shati halirudishwi kwa mwenyewe nusu. Nikakuahidi kwa kichwa kwamba nitakushikia. Siku chache tu baadaye ndiyo asubuhi ile ya shati jeupe.

Tangu hapo naogopa, Baba. Kila asubuhi nikiwasha pasi naupitisha mgongo wako kichwani, mdomo umefungwa. Nausikia kwa sauti yako, na kile kikohozi chako kabla ya mstari wa tatu. Siku moja mstari wa pili haukuja. Nilisimama nikiutafuta, pasi iko juu ya meza, hadi nikasikia harufu ya blanketi la mezani likiungua. Alama yake ipo bado, nyeusi, umbo la pasi kamili. Mstari ulirudi nilipokuwa namwagia maji. Lakini tangu siku hiyo naupitisha mara nyingi, hata njiani, hata watu wakiniongelesha, na wanadhani ninaringa.

Ungeniuliza kwa nini siuimbi tu. Kwa sababu kichwani mwangu ni sauti yako. Nikiutoa kwa mdomo wangu utakuwa na sauti yangu, hii nyembamba, na ninahofia kwamba baada ya hapo nitaisikia yangu tu, na wewe utakuwa umeondoka mara ya pili.

Wiki iliyopita tulikaa barazani kupanga kumbukumbu yako ya Jumamosi. Dada akaimba kola, mtoto amelala mapajani. Kaka akaimba mikono, akakosea, akarudia. Mama akaimba kifua huku anatazama chini. Wimbo ukaishia hapo.

"Mgongo uko wapi?" akauliza Baba mdogo.

"Hakuuwahi," kaka akasema.

"Basi ndugu yangu ametuachia aproni. Wimbo usio na mgongo ni aproni. Nitautia mgongo mimi."

Dada akasema, "Baba mdogo, nyimbo zako zote lazima uwemo ndani."

"Sasa nikae wapi, nje?"

Walicheka, hata Mama. Mimi nilikwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Baba mdogo anakupenda, hilo sina shaka, lakini tangu siku ile nyumba nzima inamsikia anavyotia kiraka chake, na juzi nimegundua kimeanza kuingia kichwani mwangu. Jana nilianza mstari wako nikamalizia wake.

Na Bibi anasikia kwa sikio moja tu siku hizi. Alipoambiwa kwamba kuna wimbo wake, aliuliza, "Umefika pale kwenye maji?" Wakamwambia haukufika. Akaitikia kwa kichwa, akavuta khanga yake mabegani. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika beseni, na najua umefika. Nilifungua mdomo. Kisha nikalipeleka beseni uani.

Kazi ya kuandika tangazo hili la kumbukumbu nimepewa mimi, kwa sababu dada hana mkono mtupu, na kaka anasema mwandiko wake ni kuku aliyekanyaga wino. Wamesema niandike lolote ninalotaka. Sidhani kama walijua walichosema. Watausoma mgongo hapa pamoja na majirani.

Lakini Bibi hasomi. Kwa hiyo Jumamosi, watakapofika mwisho wa kifua, nitasimama nyuma ya kiti chake, upande wa sikio linalosikia. Nimeona kwamba mtu ukiwa nyuma yake hakutazami. Nitaweka mikono mabegani mwake na nitaanza. Kama sauti yako itaondoka wakati huo, basi naomba iondoke ikielekea kwake.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, mdogo wako, ambaye naomba asinikasirikie kwa habari ya kiraka, binti yako mkubwa na mwanawe ambaye hukumwona, mwanao wa kiume, wateja wako waliovaa vifungo vyako bila kujua, na mimi, kitinda mimba wako. Siku zote ambazo pasi itapata moto nyumbani kwetu, Baba, tutakukumbuka.

Na mgongo ni huu. Sijawahi kuutamka mbele ya mtu.

Maji yamejaa, mama, mawe hayaonekani,
Nibebe uniimbie, nisitazame majini,
Uso wako siuoni, sauti i mgongoni,
Tukivuka usiache, imba mpaka nyumbani.